Fundi anataka kunitolea sailensa ya pikapu, nikubali?

SWALI

Salamu Mzee wa Spana, natumai wewe na watu wa nyumbani mko salama. Mimi ni mama wa biashara ya viazi, nakaa Njoro, niko na pikapu ya Hilux single cabin ya injini ya 2KD, ile dizeli ya turbo lita 2.5, ya kuvuta magurudumu ya nyuma peke yake. Inabeba viazi kutoka Molo na Elburgon tunashusha hapa Nakuru, na msimu ukiwa mzuri inateremka Kericho mpaka Kisumu soko la Kibuye. Dreva ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa bwanangu, kijana wa bidii na simlaumu kwa lolote.

Shida ni ekzosi. Imeoza. Ilianza na katundu karibu na sailensa ikapigwa weldingi, ikatoboka kando ya kile kiraka ikapigwa tena, sasa fundi akiweka moto chuma inayeyuka tu maana imebaki nyembamba sana, na kuna tundu ingine mbele huko chini ya kiti cha dreva. Gari inanguruma mpaka jirani anajua tumetoka saa ngapi. Halafu siku hizi ikipakiwa haivuti mlima kama zamani, inatoa moshi mweusi, na fundi anasema ni hiyo ekzosi ya zamani inabana injini.

Nimepewa bei tatu. Fundi wa kwanza hapa Nakuru anataka 12,000 anitengenezee paipu ya inchi 3, streti, bila sailensa kabisa, itokee kando mbele ya taya ya nyuma, na nikimwachia ile boksi ya karibu na injini anayoita katalitiki atanipunguzia 5,000. Wa pili ni muuza spea, ako na ekzosi nzima anasema ni original ex-Japan, 25,000. Wa tatu anaweza kuagiza kit, yaani ekzosi nzima tayari kufungwa, ya stenlesi ya inchi 3 kutoka nje, 85,000 kabla ya kufunga. Shemeji anataka ya kwanza ama ya tatu, ati sauti itakuwa tamu na gari itapata nguvu. Bwanangu anasema nichukue ya bei rahisi tuendelee na kazi.

Inspekshoni ya NTSA, wale wa usalama barabarani, inakaribia na mimi sielewi mambo ya inchi. Nyumba hii inakula kwa hiyo pikapu. Tena shemeji analalamika kichwa karibu kila akirudi safari, anasema ni jua na kukosa usingizi, kwa hivyo sitaki kumkasirisha na mambo ya ekzosi juu ya uchovu wake. Mvua ikinyesha vijana wa kupakia hujifunika turubai huko nyuma juu ya magunia na wao pia husema moshi inawasumbua. Nishauri mzee wangu, nichukue gani?

Mama Viazi, Njoro

JIBU

Mama, asante kwa kuandika, na nashukuru zaidi kwa hiyo sentensi ya kichwa cha shemeji uliyoiweka mwisho kama kitu kidogo. Hiyo ndiyo tunaanza nayo, inchi zitangoja.

Tundu chini ya kiti cha dreva pamoja na dreva anayeumwa kichwa kila safari, hiyo gari isiende tena Molo hata mara moja kabla ijazibwe. Moshi wa injini uko na gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi na haina harufu, ukiivuta inashika damu mahali pa hewa safi, unaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi mzito, na mtu mwenye usingizi mzito akiwa anateremka Salgaa na tani moja nyuma yake sihitaji kukueleza. Ni kweli dizeli hutoa hiyo gesi kidogo kuliko petroli, lakini gari iliyopakiwa, inayopanda mlima kwa gia ya chini, ikitoa moshi mweusi na paipu imetoboka chini ya kabini, hapo hakuna kujifariji na neno kidogo, na hata huo moshi mwenyewe una masizi ambayo si ya kuvuta. Muulize shemeji swali moja: je, kichwa hupungua akishuka na kukaa nje kwa hewa? Akisema ndiyo, basi shida si jua wala kukosa usingizi, na apitie hospitali awaeleze kwamba amekuwa akivuta moshi wa gari.

Na wale vijana, mama. Gari ikikimbia hewa ya nyuma huzunguka ikarudi juu ya kitanda cha pikapu, inavuta moshi nayo, sasa mtu amejifunika turubai, moshi unaingia na hautoki. Hata ukifunga ekzosi mpya ya dhahabu wasikae hapo, wapande matatu na uingize hiyo nauli kwa bei ya gunia.

Sasa ukishaelewa hilo, bei ya kwanza imejifuta yenyewe. Paipu inayokatwa mbele ya taya ya nyuma inamwaga moshi chini ya kitanda, karibu na madirisha, inapiga joto ukuta wa taya, na inspekshoni utarudishwa maana sheria za trafiki zinataka gari iwe na sailensa inayofanya kazi, na NEMA, wale wa mazingira, nao wako na kanuni zao za kelele tangu 2009. Ekzosi ya pikapu ya kazi ifike nyuma, ipite juu ya akseli, itokee nyuma kabisa ya kitanda. Hapo sibadilishi maneno hata kama fundi ataifanya bure.

Halafu nitazame hii story ya kubana. Fundi anasema ekzosi inabana injini, na wewe unaniambia ekzosi imejaa matundu. Paipu yenye matundu inabana nini? Moshi umeshapata milango ya kutokea. Inaweza kubana ikiwa vile vibati vya ndani ya sailensa vimeanguka vikaziba, ama katalitiki imejaa masizi, na hizo zote mbili unazipima kwa dakika chache kwa kulegeza bolti za paipu nyuma ya katalitiki, fundi aendeshe polepole kilima kifupi hapo karibu na gereji madirisha yakiwa wazi, halafu alegeze mbele ya hiyo katalitiki arudie, asikie kama gari imebadilika. Isipobadilika, shida haiko kwa ekzosi na ukilipa 85,000 bado utapanda Mau Summit na gia ya pili.

Moshi mweusi kwa dizeli maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Kule mnakotoa viazi ni juu, Molo iko karibu mita 2,500 na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu robo ukilinganisha na pwani, na turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ikisukumia injini hewa, ndiyo inafidia hiyo robo. Turbo ikikosa kufanya kazi vizuri utaisikia Molo kabla uisikie Kisumu. Kwa hivyo kabla ya kununua paipu yoyote, mwambie fundi aangalie filta ya hewa (vumbi la shambani huijaza haraka sana), mipira ya hewa kutoka turbo kwenda injini kama imepasuka kwa chini mahali hauoni, kama gari yako iko na intakula, ile ya kupoza hewa ya turbo, aangalie pia klipu zake, halafu injekta zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Hizi injini za KD zinajulikana kwa zile sili za shaba za chini ya injekta, zikianza kuvuja masizi huingia kwa oili na mwishowe huziba ile chujio ya chini ya sampu, yaani bakuli la oili, na hiyo ikiziba injini inakufa kwa kukosa oili. Ni afadhali pesa iende huko kwanza. Tena aangalie kati ya injini na turbo: moshi ukivuja hapo, turbo inakosa nguvu ya kuzunguka na gari haivuti kweli, lakini ukivuja nyuma ya turbo kama huo wako, unasumbua watu na masikio, nguvu hauibi.

Sasa tuje kwa inchi. Kwa injini ya turbo ni kweli paipu pana nyuma ya turbo husaidia, turbo hupumua mapema, na yule anayesema injini lazima ibanwe kidogo ndiyo ivute hajui turbo. Lakini kuna mahali faida inaisha. Paipu ya inchi 2 ukiipandisha mpaka 2.5 nafasi ya ndani inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na kwa 2KD ambayo haijaguswa kompyuta wala pampu hiyo inatosha sana. Zile kit za inchi 3 za Australia zimetengenezewa watu wanaobadilisha programu ya injini pia, wanavuta karavani na boti. Wewe ukiweka 3 bila hayo mengine, utapata kelele, uzito, na paipu nene inayotafuta mahali pa kupita juu ya akseli ya gari inayopakiwa mpaka springi zinalala. Chukua 2.5.

Huyo wa ex-Japan nenda naye pole pole. Hilux iliacha kuuzwa Japani 2004 na ikarudi 2017, kwa hivyo hiyo Hilux yako ya 2KD haikuwa kwa barabara za Japani hata kidogo. Simwiti mwongo, pengine ni ya Hiace maana Hiace za huko zilitumia hiyo injini, pengine imetoka Dubai ama Uingereza na yeye anaita kila kitu ex-Japan, lakini paipu ya Hiace haina mikunjo ya Hilux, itakatwa na kuungwa mpaka uanze kujiuliza ulinunua nini. Kama kweli ni ya Hilux single cabin ya magurudumu mawili, na ukiigonga na spana kuanzia mbele mpaka nyuma inalia kwa sauti moja bila kulia kama debe bovu, basi 25,000 ni ya kuongea. Ekzosi huoza kutoka ndani, maji ya moshi hukaa ndani ya sailensa, kwa hivyo rangi nzuri ya nje isikudanganye, itikise, ukisikia vipande vinacheza ndani iache hapo.

Mimi ningefanya hivi. Ningetafuta fundi mzuri wa hapahapa Nakuru, wako wengi na kazi yao ni safi, anitengenezee nzima ya inchi 2.5 kutoka nyuma ya katalitiki mpaka nje. Uliza vitu hivi ukiwa umesimama hapo kwake, na uangalie kwa macho.

Chuma gani. Chuma ya kawaida ni rahisi lakini kwa matope ya Elburgon ambayo hukaa juu ya paipu na unyevu wake, haitakaa. Iliyopakwa alumini ni nafuu na inaishi zaidi. Stenlesi ziko za namna namna, 409 ndiyo ya ekzosi nyingi za kiwandani, itashika kutu ya juujuu lakini hiyo haiingii ndani haraka, na 304 ndiyo nzuri zaidi na ghali. Beba sumaku ndogo. Sumaku ikishika kwa nguvu hiyo si 304 hata kama ameiandika kwa risiti. Na akikuletea paipu ya maji, ile ya mabati iliyopakwa zinki, kataa, ikichomwa inatoa moshi unaomfanya mtu augue, na huyo fundi mwenyewe ana watoto.

Mikunjo. Hapa ndipo kazi huharibikia. Paipu ikikunjwa kwa nguvu bila kitu ndani inalala kama mpira wa maji uliokanyagwa, umelipia 2.5 lakini pale kwenye kona imebaki kidogo. Nimewaona mafundi wa jua kali wakijaza paipu mchanga mkavu, wanaushindilia kwa kugonga na kipande cha mti, wanaziba ncha mbili, wanachoma moto pale pa kukunja mpaka inakuwa nyekundu, wanavuta pole pole, na kona inatoka mviringo safi kabisa ndani na nje. Lakini mchanga huo lazima uwe mkavu kabisa, ukiwa na maji ndani ya paipu iliyozibwa mvuke utazirusha hizo ncha, na kazi ikiisha utolewe wote, apige na hewa. Kama yeye hukata vipande na kuunga hiyo pia ni sawa, mradi weldingi izunguke yote isiachwe sehemu ya juu ambayo hauoni. Stenlesi iungwe na rodi ya stenlesi, na kama anaunga stenlesi na chuma ya kawaida aulizwe rodi ya 309. Akitumia rodi ya kawaida, paipu itang'ara na maungio yataoza.

Sailensa chukua ile ya kupita moja kwa moja, iko na paipu yenye matundu katikati na sufi ya kuhimili joto kuizunguka. Haibani, na sauti yake ni nzito ya chini, shemeji ataipenda, mwambie nimesema hivyo. Lakini single cabin iko na tabia ya kuvuma, ukifika ile spidi ya safari kabini yote inalia uuuuu mpaka masikio yanachoka, na dreva aliyechoka masikio amechoka mwili. Kwa hivyo iwe sailensa ndefu, na kama nafasi iko aongeze rezoneta ndogo, ile boksi ya kupunguza mvumo, huko nyuma.

Katalitiki usiiachie. Ndani yake kuna platinamu na paladiamu, ndiyo maana anakupunguzia 5,000 bila wewe kuomba. Kama kile kipimo kimeonyesha imeziba, itolewe ukiiona, ubaki nayo mkononi, mambo ya kuiosha ama kuibadilisha yaje baadaye. Kama haijaziba ikae palepale, inapunguza hiyo gesi tuliyoanza nayo.

Siku ya kufunga, usitume mtu, uwepo ama bwanako awepo. Betri ichomolewe kabla ya weldingi maana hiyo injini iko na kompyuta, na ile klipu ya arthi ya mashine ifungwe karibu na mahali anachoma, isifungwe kwa difu huko umeme upitie beringi. Paipu isikaribie paipu za breki, waya, tangi wala taya ya spea iliyoning'inia huko nyuma, na kama haina budi kupita karibu aweke bati la kuzuia joto. Fleksi, kile kipande cha paipu kinachopindika, iwekwe mbele, injini hutikisika na chesisi haitikisiki pamoja nayo, bila fleksi utapasua weldingi kila mwezi na utamlaumu fundi wa weldingi bure. Raba za kuning'iniza ziwe mpya zote, si mbili mpya na moja ya zamani.

Na hili ndilo mafundi wengi husahau kwa sababu wao hufunga gari ikiwa tupu: pakia. Leta magunia 20 ya kilo 50, hiyo ni tani, weka juu halafu ingia chini uangalie paipu pale inapopita juu ya akseli. Gari tupu utaona nafasi kubwa sana, gari ikipakiwa akseli inapanda, na tuta moja la Njoro linaipandisha zaidi. Nafasi ikibaki chini ya vidole vinne gari ikiwa imepakiwa, paipu irudi ikunjwe tena hapo hapo, usikubali kuambiwa itajitengeneza.

Kabla ulipe salio, injini ikiwa baridi iwashwe, fundi avae glavu azibe nyuma ya paipu na kitambaa kinene kidogo tu, wewe utembee kando ukisikiliza kila maungio. Mahali panalia sss panavuja. Baada ya safari chache bolti zikazwe tena maana chuma ikipata joto na kupoa hulegea, na uchungulie kama kuna alama nyeusi za masizi kwenye flanji, pale paipu zinapoungwa kwa bolti.

Ile kit ya 85,000 sijaikataa kwa ubaya, ni vitu vizuri, lakini hiyo pesa ukitoa ekzosi ya hapa na ukaguzi wa injekta na filta bado utabaki na kitu cha mbegu ya msimu ujao. Ukishafungiwa nitumie picha ya chini ya gari ikiwa imepakiwa, hasa hapo juu ya akseli, na uniambie kichwa cha shemeji kinaendeleaje.

Mzee wa Spana